Uzi: Misheni ya wiki moja Laisamis mwezi wa Agosti. Tubebe nini, tuache nini?

Katibu_Misheni

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Kamati yetu ya misheni, kanisa liko upande wa Kasarani, imepewa jukumu la kupanga huduma kwa jamii ya wafugaji eneo la Laisamis, Kaunti ya Marsabit. Mvua ilipokosa misimu 5 mfululizo kuanzia mwisho wa 2020, boma nyingi ziliishiwa mifugo na hazijainuka hadi leo. Rasimu iliyo mezani ni hii: watu 45 kwa basi, wiki moja ya Agosti shule zikiwa zimefungwa, vifurushi vya chakula kwa boma 200 (unga kilo 10, maharagwe kilo 2, mafuta lita 1), krusedi ya jioni tatu, kambi ya matibabu siku moja, na mabati ya kanisa jipya la futi 26 kwa 50. Wenye kujua kazi hii naomba mtukosoe sasa, kabla pesa haijatoka.

Mama_Lishe

Katibu, Mungu awabariki kwa kuuliza mapema. Nianze na chakula, maana hesabu yake wengi hawaifanyi.

Mgao kamili wa dharura unalenga kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Kwa vipimo vya kawaida hiyo ni takriban gramu 400 za nafaka, gramu 60 za jamii ya kunde na gramu 25 za mafuta, pamoja na vitu vidogo kama chumvi. Chukua boma la watu 6: nafaka kilo 2.4 kila siku. Kwa hiyo kilo 10 za unga zinaisha siku ya nne na maharagwe siku ya tano au ya sita. Basi lenu likiwa bado njiani kurudi Nairobi, sufuria zitakuwa zimekauka.

Kulisha boma 200 mwezi mzima kunahitaji tani 14.4 za nafaka, tani 2.16 za kunde na kilo 900 za mafuta. Lori hilo hamna, na si aibu kusema hamna. Mlicho nacho ni tani 2 za unga na kilo 400 za maharagwe. Swali ni zifanye kazi gani ambayo itaonekana baada ya wiki moja.

Shemasi_Ruaraka

Dada, si tuchague basi familia maskini kabisa, kama 27 hivi, tuwape za mwezi mzima?

Mama_Lishe

Kwa karatasi, shemasi, inawezekana, kwa sababu kilo 2,000 ukigawa kwa 72 unapata 27. Kwa wafugaji wa kaskazini haifanyi kazi. Chakula kikishuka kwenye boma moja kinagawanywa kwa ukoo kabla jua halijatua, na huo ndio ustaarabu uliowafikisha hapo walipo. Mwenye kula peke yake leo hatakuwa na wa kumkopesha mbuzi kesho. Orodha yenu ya 27 itawaletea kazi mbili: ugomvi kwa waliochaguliwa, na mgao uleule wa siku nne kwa kila mtu.

Angalieni shule. Mlo wa mchana wa mwanafunzi unapigiwa hesabu ya gramu 150 za nafaka, gramu 40 za kunde na gramu 5 za mafuta. Tani 2 zilezile ni sahani 13,333. Shule ya watoto 200 inapata siku 66, yaani muhula mzima. Na kule sahani ya mchana ndiyo inayomshika mtoto darasani wakati wa njaa.

Ila mbadilishe manunuzi:

Mahindi mazima badala ya unga, kwa ajili ya githeri. Kilo 400 za kunde zinatosha siku 50 tu, ongezeni 130. Mafuta punguzeni, lita 75 zinatosha muhula, na pesa inayobaki iende kwenye kunde. Ndengu ni bora kuliko maharagwe, kwa kuwa zinaiva haraka na kuni na maji kule ni vitu vya kuhesabiwa.

Msinunue mahindi kwa kuangalia bei pekee. Unyevu usizidi asilimia 13.5, nendeni sokoni na kipima unyevu, na kila shehena ipimwe sumukuvu (aflatoksini, sumu ya ukungu). Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Kenya ni sehemu 10 kwa bilioni. Mwaka 2004 kule Makueni na Kitui watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi yaliyohifadhiwa vibaya. Gunia likifika shuleni likae juu ya mbao, mbali na ukuta.

Na kabla ya yote mpigieni mwalimu mkuu, mjue kama mgao wa serikali kupitia NACONEK, baraza la taifa la elimu ya wafugaji, unafika na lini. Yenu izibe pengo, isirundikane juu ya nyingine. Kwa kuwa Agosti shule zimefungwa, mzigo ufike wiki ya kwanza ya muhula wa tatu na upokewe na halmashauri ya shule kwa saini.

Jambo la mwisho: mkikutana na mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye utepe wa kupimia unene wa mkono unasoma chini ya sentimita 11.5, huyo hahitaji kifurushi. Apelekwe zahanati siku hiyohiyo. Mtoto aliyekonda kiasi hicho akipewa chakula kingi ghafla anaweza kufa, hata kama aliyempa ana nia njema.

Mwinjilisti_wa_Laga

Mama Lishe amemaliza ya sufuria. Niseme ya neno.

Agosti inawafaa nyinyi kwa sababu ya likizo, jamii haiwafai. Ni kiangazi. Vijana na wanaume wenye nguvu wako fora, kambi za mbali walikohamia na ngamia na ng'ombe kufuata malisho. Bomani wamebaki akina mama, wazee na watoto wadogo. Krusedi ya Agosti inahubiria nusu ya jamii, tena nusu isiyoamua mambo ya boma peke yake. Baada ya mvua za Machi hadi Mei, au zile za Oktoba hadi Desemba, mifugo inarudi karibu na mkutano unakuwa wa jamii nzima. Kama Agosti haibadiliki, itumieni kusikiliza: watu 4 au 5, si 45.

Halafu spika na jenereta. Ukumbi wa kule ni kivuli cha mgunga na wazee waliokaa chini. Mhubiri anayepaza sauti kwa Kiswahili cha Nairobi akitafsiriwa sentensi kwa sentensi anachosha, na mkalimani aliyeokotwa asubuhi hutafsiri anachokielewa tu. Eneo hilo lina Warendille na Wasamburu, na wengi wao wanasikia lugha zote mbili. Ulizeni kila kijiji kinatumia ipi kwenye maombi ya wazee, halafu mtafuteni mtu wa hapohapo.

Njia inayokaa ni ya masimulizi. Kisa kimoja cha Biblia kwa kikao, dakika 5 hadi 8, bila kusoma na bila kuhubiri katikati. Msimulizi akimaliza, mtu mmoja anakirudia, mwingine anamsahihisha, kisha wa tatu anakirudia tena. Ndipo maswali: kisa kimetuonyesha nini kuhusu Mungu, kimetuonyesha nini kuhusu watu, na tukikiamini tutafanya nini wiki hii. Msihame kisa mpaka watu watatu wawe wanaweza kukisimulia bila msaada. Anzeni uumbaji, mfike kwa Abrahamu na mifugo yake, Yakobo na kondoo wa Labani, Musa akichunga kule Midiani, Daudi, kisha Injili. Mfugaji anaijua dunia hiyo kuliko sisi wa magorofani. Visa kama 25 kwa mfuatano vinampa mtu asiyesoma mwili mzima wa habari, na anaubeba kichwani hadi fora ambako hakuna mhubiri anayefika.

Kinachoharibu ni haraka. Timu ya wiki moja inataka kutoka uumbaji hadi msalaba kwa jioni tatu ili iandike idadi ya waliookoka. Watu wa kule wana adabu ya wageni, ukiomba mikono watainua.

Pia msiende kana kwamba hakuna aliyetangulia. Jimbo Katoliki la Marsabit liko tangu 1964, na makanisa mengine yana wainjilisti wao. Salimianeni nao kwanza. Kijiji cha boma 60 chenye madhehebu manne yanayogombea watu walewale hakijasaidiwa.

Shemasi_Ruaraka

Ndugu Mwinjilisti, nakubali mengi. Lakini kuna mtu kwenye kamati yetu ataniuliza: Yesu si alilisha na kuhubiri mahali pamoja? Tukitenganisha chakula na Neno tutakuwa tofauti gani na shirika lolote la misaada?

Mwinjilisti_wa_Laga

Swali la haki, shemasi. Wale elfu tano walikuwa wamesikiliza kutwa nzima kabla ya mkate, na hakuna aliyeambiwa ainue mkono ndipo ale. Asubuhi yake walipomfuata kwa ajili ya mkate, Yesu mwenyewe aliwaambia wazi wazi kwamba wanamtafuta kwa sababu walikula wakashiba. Ni Yohana 6.

Kwa utaratibu, fanyeni hivi. Siku ya kugawa chochote kusiwe na mahubiri wala mwito wa wokovu. Sala fupi ya kushukuru inatosha. Anayeandika majina ya wapokeaji asiwe mwinjilisti. Orodha itengenezwe na kamati ya kijiji yenye wanawake angalau nusu, isomwe kwa sauti barazani mbele ya chifu, na siku mbili zipite ili watu walalamike. Mwislamu na mwenye kufuata mila wapimwe kwa kipimo kilekile. Mama aliyeacha watoto wenye njaa nyumbani hana uhuru wa kumkataa aliyeshika gunia, na imani isiyoweza kukataliwa huwezi kujua kama ipo. Mkitofautiana na shirika la misaada, iwe ni kwa kuwa nyinyi mnarudi.

Fundi_Maji

Naona mabati ya futi 26 kwa 50. Hiyo ni kama mita 8 kwa 15, paa la mita za mraba 120. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, na mabati yanakupa asilimia 80 hivi. Mvua kubwa moja ya milimita 25: lita 2,400. Mwaka wa milimita 200, ambao si wa kushangaza nyanda za chini kule: lita 19,200.

Sasa ligawe kwa watu 1,200 wa boma zenu 200. Ni lita 16 kwa mtu, kwa mwaka. Kiwango cha chini cha dharura ni lita 15 kwa siku. Kwa hiyo asiwadanganye mtu kwamba paa la kanisa litanywesha kijiji. Lakini jiko la shule la watoto 200 likitumia lita 1 kwa kila mtoto, maji hayohayo ni ya siku 96. Hapo yanakutana na githeri ya Mama Lishe. Tangi na gata (mfereji wa paani) ziende kwenye paa la shule ambalo tayari lipo, kanisa lingoje.

Tangi la lita 10,000 liwe juu ya msingi wa mawe na saruji, si udongo ulioshindiliwa. Likijaa lina uzito wa tani 10 na udongo ukizama bomba la chini linakatika. Gata ishuke sentimita 1 kwa kila mita. Wekeni bomba la kumwaga maji ya kwanza, kama nusu lita kwa kila mita ya mraba ya paa, maana miezi ya vumbi na kinyesi cha ndege yote hushuka na mvua ya mwanzo. Wavu kwenye mdomo wa tangi, na bomba la kutolea liwe na kufuli. Kinachoua mifumo hii ni gata: ndoano zikiwekwa mbali kuliko mita moja, inapinda, maji yanamwagika katikati na hakuna anayepanda kurekebisha.

Kama kuna mtu kwenye kamati anaota kisima, muulizeni kwanza kina ni kipi. Pampu ya mkono aina ya Afridev inafika mita 45, na visima vingi kule ni virefu zaidi, kwa hiyo ni sola. Mtiririko wa kazi: uchunguzi wa mtaalamu wa maji ya ardhini, kibali cha WRA (mamlaka ya rasilimali za maji), tathmini ya mazingira kwa NEMA (mamlaka ya mazingira), kuchimba, kupampu kwa majaribio saa 24, kupima maji. Msiruke kupima. Kuna visima vyenye chumvi ambayo hata ngamia anasita, na floridi ikizidi miligramu 1.5 kwa lita inaharibu meno na, ikizidi sana, mifupa ya watoto. Pampu ya sola isiyo na kihisi cha kuizima maji yakishuka inaungua mapema. Na jamii lazima ilipe. Mkipanga kwa mfano shilingi 5 kwa mtungi wa lita 20, boma 100 zikichota mitungi 3 kila siku, mfuko unapata 45,000 kwa mwezi: mlinzi, na akiba ya pampu ya kubadilisha. Kisima cha bure hukaa mpaka kifaa cha kwanza kiharibike.

Wakili_wa_Jioni

Nitakuwa mfupi, kila jambo mstari wake.

Ardhi ya kanisa. Sehemu kubwa ya kule ni ardhi ya jamii chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Ile ambayo haijasajiliwa kaunti inaishikilia kwa amana tu, haina ruhusa ya kuiuza. Iliyosajiliwa, makubaliano ya uwekezaji yanahitaji theluthi mbili ya watu wazima kwenye mkutano wa jamii. Barua ya chifu ni ya kuwatambulisha, haiwapi umiliki. Makanisa yaliyojengwa kwa barua hiyo huja kupigwa vita na kizazi cha pili.

Kambi ya matibabu. Idhini ya KMPDC (baraza la madaktari) na ya idara ya afya ya kaunti, kila daktari na muuguzi awe na leseni ya mwaka huo. Ushauri wangu, iacheni. Mkimpa mzee dawa za presha za mwezi mmoja, mwezi wa pili anazipata wapi? Pesa hiyo inaweza kulipia mafuta ya gari la zahanati kwenda kuchanja watoto kwenye boma za mbali, wakiongozana na wahamasishaji wa afya wa kijiji.

Wageni kutoka nje. Mmishonari anayekaa na kufanya kazi anahitaji kibali cha daraja la I. Ruhusa ya kuingia kama mtalii haitoshi.

Watoto yatima. Kama kuna wazo la kujenga nyumba ya watoto, lifungeni leo. Usajili wa nyumba mpya ulisimamishwa 2017, na mkakati wa taifa wa 2022 hadi 2032 unawarudisha watoto kwenye familia. Msaidieni nyanya anayemlea.

Picha. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawahusu. Picha ya mtoto inahitaji idhini ya mzazi au mlezi, na "naomba picha" huku umeshika kifurushi si kuomba idhini.

Baada ya Shakahola mwaka 2023, ambako miili zaidi ya 400 ya waumini waliofundishwa kufunga hadi kufa ilifukuliwa, chifu na OCS (mkuu wa kituo cha polisi) wana haki ya kuuliza kanisa lenu limesajiliwa wapi na nani anawajibika. Bebeni nakala ya cheti na barua ya dhehebu, mripoti siku ya kwanza bila kungoja kuitwa.

DaktariMifugo254

Wakili umeacha mbuzi, na najua kamati itafika hapo. Msibebe mbuzi wa maziwa kutoka Kiambu, joto na miiba ya kule itawamaliza. Nunueni majike ya kienyeji ndani ya kaunti yenyewe, kwa cheti cha afisa wa mifugo, waliochanjwa sotoka ya mbuzi na homa ya mapafu, wiki mbili kabla ya kukabidhiwa. Wapeaneni malisho yakiwa yameota, wiki tatu au nne baada ya mvua kuanza. Mbuzi wanaogawiwa kiangazi ni kitoweo cha ghali.

Na mbuzi 2 kwa boma hawawi kundi, watauzwa karo ikifika. Heri boma chache zipate 10 kila moja, kwa makubaliano ya kupitisha ndama jike wa kwanza kwa boma inayofuata. Utaratibu wa kupokezana mifugo wanao wenyewe tangu zamani. Waulizeni wazee jinsi unavyofanya kazi, kisha mfuate wa kwao.

Shemasi_Ruaraka

Daktari, umesema ndama wa mbuzi, nadhani unamaanisha mwanambuzi jike. Nimeelewa lakini.

DaktariMifugo254

Ndiyo shemasi, mwanambuzi jike. Ahsante.

Katibu_Misheni

Wapendwa, nimeyapeleka yote kwa mwenyekiti. Tumekubaliana basi lisikodiwe. Agosti wanaenda watu 5 na gari moja, mahindi na ndengu zinaenda shuleni Septemba, tangi na gata baadaye kabla ya mvua za Oktoba. Kambi na mabati yameondolewa. Limebaki moja: tunataka kumsaidia mwinjilisti mmoja wa hapohapo abaki na hiyo kazi ya kusimulia visa vya Biblia. Tumlipe vipi bila kumfanya mtumishi wa Nairobi?

Mwinjilisti_wa_Laga

Katibu, hapo mmefika penyewe. Suala hili ni la zamani kwetu. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu, akiwa katibu mkuu wa PCEA (Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki), aliwaambia makanisa ya Marekani wasimamishe kwa muda kupeleka wamishonari, kwa sababu kanisa linaloendeshwa kwa watu na pesa za mbali halijifunzi kusimama. Makanisa ya Afrika yakalijadili Lusaka 1974. Sasa Nairobi ndiyo ya mbali, na Laisamis ndiyo inayopokea.

Achaguliwe na waamini wa kule pamoja na wazee, si na timu yenu ya siku tano. Awe ana mifugo au kazi yake. Asiye na chochote atautegemea mshahara wenu kama mtungi pekee wa maji. Msimlipe mshahara kamili. Mpeni posho ya usafiri na muda wa simu, na mafunzo mara mbili kwa mwaka. Andikeni miaka mitatu: mwaka wa kwanza nyinyi robo tatu, wa pili nusu, wa tatu robo, na kiasi kinachobaki kitoke kwa waamini. Karatasi hiyo isomwe mbele yao siku ya kwanza, sio mwaka wa tatu pesa inapokatwa.

Msiseme hawana sadaka. Hawana noti. Wana maziwa, ngozi, na mwanambuzi mmoja mmoja. Chagueni watu watatu wa kuaminika, mmoja awe mama, wachunge mbuzi wa sadaka kwa alama yao, na wakiwa tayari wawauze soko la Merille. Daftari moja likae kwa mweka hazina na la pili kwa mzee ambaye si ndugu yake. Posho ipitie kwenye kamati hiyo. Ikienda moja kwa moja kwenye simu ya mwinjilisti, atawajibika kwenu na si kwa watu anaowatumikia.

Mwaka ambao mvua imekosa na mbuzi wa sadaka wamekufa, ongezeni sehemu yenu kwa mwaka huo mmoja na muandike sababu, halafu mrudi kwenye ngazi ileile. Na tarehe ya kwenda Agosti chifu aijue kabla ya mwisho wa mwezi huu, maana baraza la kule linahitaji wiki mbili watu wafikiwe.